Mkongwe auzwe au abaki? Ulinganisho kwa klabu inayosita

Katika dirisha kubwa la usajili la 2022, Liverpool walikuwa na washambuliaji watatu waliobakiza mwaka mmoja mmoja kwenye mikataba yao. Sadio Mané na Mohamed Salah walikuwa wametimiza miaka 30 mwaka huohuo, na Roberto Firmino alikuwa anakaribia 31. Hao ndio waliounda safu ya mbele iliyoleta Ligi ya Mabingwa ya 2019 na ubingwa wa Uingereza wa 2020, uliokuwa umesubiriwa miaka 30. Klabu ikamuuza Mané kwa Bayern Munich, ikampa Salah mkataba mpya, na Firmino ikamwacha amalize muda wake aondoke bure mwaka uliofuata. Rika moja, klabu moja, dirisha moja, njia tatu.

Huwa narudi kwenye dirisha lile kila nikisikia ubishi wa "yule mzee auzwe". Ubishi huo karibu kila mara huanza na umri, na ndiyo sababu hauishi. Mmoja anamtaja mchezaji aliyechoka akiwa na 31, mwingine anamjibu kwa aliyebeba kombe akiwa na 38, na wote wawili wana ushahidi mkononi. Kwangu mimi umri ni swali la tatu. La kwanza ni nani atacheza nafasi yake mechi ijayo: jina lake ni nani, na ameshacheza dakika ngapi? La pili ni mkataba umebakiza muda gani. Ukishayajibu hayo mawili bila kujidanganya, hapo miaka ya mchezaji inaanza kukuambia kitu.

Viungo wawili wa Madrid

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Real Madrid, kwa sababu waliuza mtu wa aina moja, wa nafasi moja, mwenye umri uleule, mara mbili, na mavuno yakatofautiana kabisa.

Mwaka 2003 walimuuza Claude Makélélé kwa Chelsea. Alikuwa na miaka 30, kiungo mkabaji, mtu ambaye jina lake halikuuza jezi. Aliomba mshahara upandishwe, akakataliwa, akaondoka. Dirisha hilohilo klabu ilimleta David Beckham, na ilikuwa tayari imeachana na nahodha Fernando Hierro, mwenye miaka 35, pamoja na kocha Vicente del Bosque, siku chache tu baada ya kutwaa ubingwa. Nafasi ya Makélélé haikuwa na mwenyewe. Hapakuwa na kijana aliyeandaliwa, wala aliyenunuliwa kwa kazi ile. Msimu uliofuata Madrid walipoteza mechi tano za mwisho za ligi mfululizo wakamaliza wa nne, wakafungwa fainali ya Kombe la Mfalme na Zaragoza, na hawakuuona ubingwa wa Hispania tena hadi 2007. Chelsea nao, Makélélé akiwa mbele ya mabeki wake, walitwaa Ligi Kuu ya 2005 wakiruhusu mabao 15 tu katika mechi 38. "Mzee" yule alibaki pale hadi 2008.

Sasa nenda Agosti 2022. Casemiro, kiungo mkabaji, miaka 30, anauzwa kwa Manchester United kwa fedha nyingi kuliko zile ambazo kiungo wa umri huo huwa anategemea. Ukitazama juu juu ni kosa lilelile. Lakini Madrid walikuwa wamemnunua Eduardo Camavinga mwaka mmoja kabla, na Aurélien Tchouaméni alikuwa ameshasaini kabla ofa ya Casemiro haijafika mezani. Warithi wawili, si mmoja, na wote wakiwa ndani ya jengo. Msimu wa kwanza ubingwa wa Hispania ulikwenda Barcelona, hilo lazima lisemwe. Wa pili Madrid walichukua ligi na Ligi ya Mabingwa kwa pamoja. Na Manchester United hawakulia mwaka wa kwanza: Casemiro alifunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi ya Februari 2023 na kombe likaja.

Ukiweka mauzo haya mawili sambamba, umri haukuwa na kazi yoyote. Tofauti nzima ilikuwa benchi. Nikikaa kwenye kikao cha usajili na mtu akasema "tutapata wa kuziba", kwangu hayo ni matumaini, na matumaini hayakabi kiungo wa timu pinzani.

Ila mrithi si lazima awe kijana. Hapa watu wengi hujifunga wenyewe. Madrid hao hao walimuuza Cristiano Ronaldo kwa Juventus mwaka 2018 kwa euro milioni 100, akiwa na miaka 33, baada ya mabao 450 katika mechi 438. Msimu uliofuata uliuma: makocha watatu kwa msimu mmoja, nafasi ya tatu kwenye ligi, na kutolewa na Ajax katika hatua ya 16 bora. Lakini mrithi alikuwepo, naye alikuwa na miaka 30. Karim Benzema alikuwa amecheza miaka tisa akimtengenezea mwenzake nafasi. Alipoachiwa uwanja, alikua hadi akashinda Ballon d'Or ya 2022, mwaka ambao Madrid walibeba tena kombe la Ulaya. Kwa hiyo kabla ya kwenda sokoni, tazama nani ndani ya kikosi chako amekuwa akifinywa na uwepo wa mkongwe.

Hesabu ambayo mhasibu anaiona na kocha haioni

Ada ya kumnunua mchezaji haiandikwi kwenye vitabu siku moja. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Aliyenunuliwa kwa milioni 50 kwa miaka mitano anahesabiwa milioni 10 kila mwaka, na miaka mitano ikiisha hana thamani iliyobaki vitabuni. Siku hiyo akiuzwa hata kwa milioni 8, zote nane zinaandikwa faida. Ndiyo maana mkongwe huvutia sana macho ya mhasibu: mshahara mkubwa unaondoka na faida safi inaingia kwa mkupuo. Kwa klabu zinazocheza mashindano ya UEFA mvuto huo umezidi, maana tangu msimu wa 2025/26 gharama za kikosi, yaani mishahara, ada zilizogawanywa na malipo ya mawakala, hazitakiwi kuvuka asilimia 70 ya mapato.

Sawa. Sasa tugeuze karatasi tuone upande wa pili, kwa tarakimu za mfano. Mkongwe analipwa milioni 4 kwa mwaka na ameombwa kwa milioni 3. Badala yake unamtaka kijana wa milioni 15, mkataba wa miaka mitano, mshahara wa milioni 2. Vitabuni kijana huyo anagharimu 3 za ada na 2 za mshahara, jumla 5 kwa mwaka, na wakala wake bado hajalipwa. Mwaka wa kwanza zile 3 za mauzo zinafunika pengo na kila mtu anapongezana. Mwaka wa pili hazipo tena.

Kinachonigusa zaidi ni ukubwa wa kosa. Mkongwe uliyemwongezea mwaka mmoja akikuangusha, umepoteza milioni 4 na msimu mmoja, na hasara hiyo ina tarehe ya mwisho. Kijana wa miaka mitano akikuangusha, umejifunga kwa milioni 25, na hakuna atakayemchukua kwa bei uliyomnunulia. Bila shaka kijana akifanikiwa utamuuza kwa mara tatu ya ile bei, jambo ambalo mkongwe hawezi kukupa. Hiyo ndiyo kamari yenyewe, na klabu yenye jicho zuri la kuchagua vijana ina haki ya kuicheza. Klabu ambayo sajili zake tatu za mwisho ziliishia kutolewa kwa mkopo ingetulia kwanza.

Kuna mambo mawili ya kanuni yanayopaswa kuwa kichwani kabla ya kutaja bei. Tangu hukumu ya Desemba 1995 ya mahakama ya Ulaya katika kesi ya mchezaji Jean-Marc Bosman, mchezaji aliyemaliza mkataba anaondoka bila klabu yake kulipwa kitu, na kanuni za FIFA zinamruhusu kusaini kwingine akibakiza miezi sita. Maana yake dirisha la mwisho la kupata fedha yenye heshima huwa ni pale mkataba unapobakiza mwaka mmoja, kama Liverpool na Mané. Pili, anapouzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Si nyingi, lakini usiipangie matumizi.

Kumwongezea mkataba: urefu ndio sumu

Septemba 2020 Arsenal walimpa Pierre-Emerick Aubameyang mkataba wa miaka mitatu. Alikuwa na miaka 31, nahodha, ametoka kufunga mabao 22 ya ligi na mawili kwenye fainali ya Kombe la FA. Mashabiki walishangilia kama wamesajili mtu mpya. Msimu uliofuata mabao ya ligi yakawa 10, Desemba 2021 akavuliwa unahodha, na Februari 2022 akaondoka bure baada ya mkataba kuvunjwa kwa makubaliano. Klabu hiyo hiyo zamani ilisifika kwa kutowapa waliovuka 30 zaidi ya mwaka mmoja, enzi za kocha Arsène Wenger, na wengi tuliwaona wagumu. Robert Pirès aliondoka 2006 kwa sababu hiyo.

Upande mwingine yupo Luka Modrić. Kuanzia 2021 Real Madrid walikuwa wakimwongezea mwaka mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Msimu wa 2023/24 alianzia benchi mara nyingi, na akamaliza akiwa na Ligi ya Mabingwa yake ya sita, miaka 38. Aliondoka 2025 kwenda Milan akiwa anakaribia 40. Klabu haikubebeshwa mzigo wa miaka mbele, na mchezaji alijua kila Juni atapimwa upya.

Ukilinganisha Aubameyang na Modrić utaambiwa ni tofauti ya tabia au ya nafasi uwanjani. Inawezekana kwa kiasi. Lakini tazama pia mkataba: mmoja alilipwa kwa aliyoyafanya jana, mwingine kwa atakayoyafanya mwaka huu. Salah anaonekana kuipinga hoja yangu, maana alipewa miaka mitatu akiwa na 30, na katika msimu wa mwisho wa mkataba huo, 2024/25, alifunga mabao 29 ya ligi na kutoa pasi 18 za mabao, Liverpool wakawa mabingwa. Nakubali anaipinga. Mchezaji ambaye mwili wake haujawahi kumwacha nje kwa muda mrefu anastahili kutengwa na kanuni. Tatizo ni kwamba kila shabiki anaamini wa kwake ndiye huyo.

Onyo dogo kuhusu vifungu. Klabu nyingi hupenda kuandika kwamba akifikisha mechi kadhaa mkataba unajiongeza wenyewe. Ni kifungu kizuri hadi mwezi Machi, pale mkongwe anapobakiza mechi mbili na kocha anaanza kuletewa ujumbe kutoka ofisini asimpange. Hapo umegeuza kikosi kuwa suala la fedha, na wachezaji wote wanajua. Afadhali mshahara wa chini na posho kwa kila mechi.

Mwili unasemaje, nafasi kwa nafasi

Kinachotangulia kuondoka ni mwendo wa ghafla: zile mita kumi za kwanza, na uwezo wa kuzirudia mara ishirini ndani ya mechi. Pumzi ya kukimbia kwa mwendo wa kati hudumu zaidi. Na kinachomtesa mkongwe kuliko mechi yenyewe ni siku zinazofuata, kwa kuwa mwili unachelewa kurudi. Ndiyo maana huyo huyo anaweza kung'ara Jumamosi na kuonekana mzee Jumatano.

Kwa hiyo winga anayeishi kwa kumpita beki kwa mbio ndiye wa kuuza mapema, na beki wa pembeni anayepanda na kushuka yuko naye bega kwa bega. Mané alikuwa mchezaji wa mwendo. Bayern walikaa naye msimu mmoja tu kabla ya kumuuza Saudi Arabia, na sidhani Liverpool walijuta. Walikuwa wamemleta Luis Díaz miezi sita kabla, jambo ambalo wengi husahau kulitaja. (Wala msimu wa 2022/23 haukuwa mzuri kwao, walimaliza wa tano. Kuuza vizuri hakuzuii maumivu ya mwaka wa kwanza.)

Kiungo mchezeshaji ni habari nyingine, kwa sababu mpira unamkimbilia yeye. Andrea Pirlo aliondoka Milan bure mwaka 2011 akiwa na 32, akajiunga na Juventus waliokuwa wametoka kumaliza wa saba. Msimu wake wa kwanza Juventus walitwaa ubingwa wa Italia bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, na alikaa misimu minne akabeba ubingwa mara nne. Milan waliomwacha ndio waliokuwa mabingwa.

Beki wa kati mwenye akili anaweza kwenda mbali ikiwa timu haichezi na mstari wa ulinzi uliopanda sana. Paolo Maldini alibeba Ligi ya Mabingwa ya 2007 akiwa na 38. Thiago Silva aliachwa na PSG 2020 akiwa anakaribia 36 na mwaka uliofuata akabeba kombe hilo na Chelsea. Hata mahesabu ya Alex Ferguson, kocha wa Manchester United, yalimponyoka hapa: alimuuza Jaap Stam mwaka 2001 akidhani majeraha yamempunguza, akamleta Laurent Blanc mwenye miaka 35, United wakashuka hadi nafasi ya tatu, na Ferguson mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikosea.

Makipa wana kalenda yao. Essam El-Hadary alidaka penalti kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Kuuza kipa kwa sababu tu amefika 33 ni kutafuta shida.

Ukitaka kupima, mlinganishe mkongwe na yeye mwenyewe wa miaka miwili iliyopita, wala si na kijana aliye pembeni yake. Mbio zake za kasi kwa mechi zimepungua kiasi gani? Baada ya mechi anarudi mazoezini kamili siku ya pili au ya nne? Majeraha yake ni ya aina gani? Aliyevunjika mkono mara moja ana bahati mbaya. Aliyechanika msuli wa nyuma ya paja mara tatu katika msimu mmoja anakuletea taarifa.

Kubadilishana: njia inayovutia na kudanganya

Kubadilishana mkongwe kwa kijana kunasikika vizuri sana kwenye kikao. Mwaka 2020 Barcelona walimtoa Arthur, miaka 23, kwenda Juventus, wakampokea Miralem Pjanić, miaka 30, kila mmoja akiandikiwa thamani ya euro milioni 60 au zaidi. Vitabu vya pande zote vilipendeza. Uwanjani Pjanić hakupata namba, akatolewa kwa mkopo baada ya msimu mmoja, na Arthur naye hakuwa nguzo Juventus. Ninachokichukua hapo ni hiki: katika kubadilishana, bei inaweza kupandishwa pande zote mbili bila mtu kutoa fedha, kwa hiyo bei haikwambii chochote. Jiulize kama ungemnunua yule mchezaji kwa fedha taslimu, bila mkongwe wako kuhusika. Jibu likiwa hapana, simama hapo.

Chumba cha kubadilishia nguo, na adui unayempa silaha

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya usajili ya klabu ndogo. Tulikuwa na beki wa kati wa miaka 34 ambaye kila mtu alimwona mzito. Tulimwachia kwa fedha kidogo, tukaridhika. Mechi tatu baadaye niligundua uwanja umekuwa kimya. Yule mzee alikuwa anaongea dakika zote tisini: panda, toka, mshike wa nyuma yako. Vijana wawili tuliowaacha walikuwa na mbio kuliko yeye, lakini kila mmoja alikuwa anasimama mstari wake. Tulifungwa mabao ya aina moja hadi msimu ukaisha. Sauti ile haikuwa kwenye takwimu zetu, na mimi ni mmoja wa walionyoosha mkono.

Hata hivyo, kumbakisha mkongwe kwa ajili ya heshima tu ni kumdhalilisha. Roma walimbakisha Francesco Totti, na msimu wa 2015/16 alikuwa akibishana na kocha wake kuhusu benchi. Aprili 2016 akaingizwa dakika za mwisho dhidi ya Torino, timu ikiwa nyuma, akafunga mawili na Roma wakashinda 3-2. Alikuwa na 39. Watu waliulilia usiku ule, nami bado nausisimkia, lakini mvutano ule uliichosha klabu kwa miezi mingi kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema kazi yake ni ipi. Ukimbakisha, mwambie wazi kabla hajasaini: utaanza mechi hizi, utaingia kwenye hizi, utamlea huyu. Kuna na sheria nyuma yake. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji aliyekwisha kukomaa kisoka aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu nafasi ya kudai kuvunja mkataba kwa sababu ya kimichezo.

Na ukimuuza, tazama anakwenda wapi. Barcelona walimwachia Luis Suárez mwaka 2020 akiwa na 33 kwa bei ya kutupa, akaenda Atlético Madrid, wapinzani wao wa moja kwa moja. Akafunga mabao 21 ya ligi, likiwemo la ushindi siku ya mwisho, na Atlético wakawa mabingwa. Real Madrid walimtoa Fernando Morientes kwa mkopo Monaco, na ni yeye aliyewafunga Madrid, Monaco walipowatoa kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2004. Mkongwe anaijua timu yako kuliko mpelelezi yeyote, na ana hasira. Ofa ndogo kutoka ligi ya mbali inaweza kuwa na thamani kuliko ofa kubwa kutoka kwa jirani.

Ningeamuaje

Una winga wa miaka 31, mwaka mmoja umebaki, kijana wako ameshaanza mechi 12 msimu huu, na ofa imekuja kutoka nje ya ligi yako. Uza, tena uza wiki ya kwanza ya dirisha, usisubiri ya mwisho.

Una kiungo mkabaji wa 32, hakuna mtu nyuma yake, na ofa ni nzuri. Mimi ningekataa, ningempa mwaka mmoja, na fedha ningezitafuta kwa mwingine. Halafu ningemnunua mrithi wakati mkongwe bado yupo, wacheze pamoja msimu mzima. Ni ghali kwa mwaka mmoja. Madrid ya 2003 ilikuwa ghali kwa minne.

Straika wa 33 mwenye miaka miwili ya mkataba mnono na mbio zilizopungua ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa hakuna anayemtaka kwa mshahara ule. Hapo usipoteze muda kutafuta ada. Kubali aondoke kwa mkopo huku ukilipa sehemu ya mshahara, au vunjeni mkataba kwa makubaliano kama Arsenal walivyofanya. Kila mwezi unaosubiri mnunuzi asiyekuwepo unaulipia.

Na kuna yule ambaye fedha yake ni ndogo mno kuigombania, anayependwa na wote, na bado ana mechi ishirini nzuri miguuni. Mwache amalize. Firmino aliondoka Liverpool bila klabu kupata senti ya ada. Katika mechi yake ya mwisho kwenye uwanja wao wa Anfield, Mei 2023, aliingia kutoka benchi Liverpool wakiwa nyuma dhidi ya Aston Villa, na dakika ya 89 akasawazisha.